Kiambata dhidi ya saratani hakionekani, au kinaonekana mno: utatuzi wa matatizo kuanzia jani hadi mashine

Malalamiko ya wanaosaka viambata dhidi ya saratani kwenye mimea ya dawa hufanana mno. Kilele (mnuko wa kiambata kwenye kromatogramu, yaani mchoro wa mashine inayotenganisha viambata) hakitokei. Kilele kimetokea lakini kina mkia mrefu. Seli zimekufa zote, hata zile ambazo hazikutakiwa kufa. Juzi dondoo (kilichotolewa kwenye mmea kwa kiyeyushi) lilikuwa kali, leo limekuwa kama maji. Na karibu kila mara mlalamikaji ameshafungua kitabu cha mashine, ilhali shida imekaa kwenye gunia la majani au kwenye chupa ya kiyeyushi.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi inatangulia na ile adimu inakuja mwisho. Ukaguzi usiogharimu kitu unafanywa kabla ya ule wa gharama. Palipoandikwa Simama, acha kazi uite mwenye utaalamu huo.

## Kabla ya dalili yoyote: sampuli tupu

Andaa vitu vinne na uviweke karibu kila siku ya kupima.

1. Sampuli tupu: kiyeyushi kilichopita hatua zote (kuloweka, kuchuja, kukausha, kuyeyusha upya) bila mmea wowote ndani.
2. Kemikali rejea peke yake, ya kiambata unachokitafuta.
3. Unga wa mmea uliotiwa kiasi unachokijua cha kemikali rejea kabla ya kuloweka.
4. Kwa wanaopima seli: vishimo (vijitundu vya bamba la kupimia seli) vyenye dondoo bila seli, na vishimo vyenye seli na kiyeyushi bila dondoo.

Kama huna hivi, usiendelee kusoma. Kaviandae kwanza, maana zaidi ya nusu ya maswali yaliyo hapa chini yatajijibu yenyewe ukiwa navyo.

## Dalili ya 1: Kilele hakitokei kabisa

Kiambata kipo, ila kimetawanyika mno. Hii ndiyo inayowapata wengi. Piga hesabu kabla ya kulaumu chochote. Kupata gramu 1 ya vinblastini, dawa ya saratani, huhitaji takriban kilo 500 za majani makavu ya *Catharanthus roseus*, ua la bustani lenye asili ya Madagaska. Hiyo ni mikrogramu 2 kwa kila gramu ya jani, ukiacha kinachopotea njiani. Ukiloweka gramu 1 kwenye mililita 10 na kudunga mikrolita 20, umeingiza nanogramu 4 kwenye kolamu (bomba linalotenganisha viambata ndani ya mashine). Kigunduzi cha urujuanimno hukiona kiasi hicho kwa taabu hata kikiwa safi, sembuse kikiwa katikati ya klorofili na nta. Paklitakseli ni afadhali: gome kavu la *Taxus brevifolia* huwa nayo takriban asilimia 0.01, yaani miligramu 100 kwa kilo.

Marekebisho: ongeza unga wa mmea, ondoa mafuta na nta kwa heksani, kisha kusanya kundi unalolitaka peke yake. Alkaloidi huhamishwa kwa maji yenye asidi, halafu maji hayo yanafanywa besi kwa amonia, halafu zinavutwa kwa kiyeyushi kisichochanganyika na maji. Kausha, yeyusha kwa ujazo mdogo, dunga tena. Lakini usiichukue njia ya amonia ukaitumia kwa kila kitu. Podofilotoksini, kiambata kingine cha mimea dhidi ya saratani, ikikutana na besi hugeuka pikropodofilini, isoma yenye uzito uleule na nguvu kidogo sana. Utakuwa umeiharibu kwa mikono yako na mashine haitakuambia.

Kiyeyushi si chake. Wengi huchemsha mmea kwa maji kwa sababu waganga huchemsha kwa maji. Ni sababu nzuri ya kuanzia, ila paklitakseli karibu haiyeyuki kwenye maji, na kamptothesini ni mkaidi kwenye viyeyushi vingi. Loweka vipande vya unga uleule kwenye viyeyushi vitatu tofauti, methanoli ikiwa mojawapo, na ulinganishe. Kazi ya mchana mmoja.

Mmea ulikauka vibaya. Jua kali, tanuri lililozidi nyuzi 40 za selsiasi, au gunia lililofungwa majani yakiwa bado na unyevu. Vimeng'enya vya jani huendelea kufanya kazi baada ya kuchumwa, na ukungu una mambo yake. Nusa gunia, harufu ya uvundo yatosha kuwa jibu. Ukaguzi wa pili: chuma majani mapya, gawa mafungu mawili, moja likaushwe kivulini penye upepo na jingine kwa utaratibu wako wa kawaida.

Sehemu, umri au msimu. Mti uleule huweza kuwa na kiambata kwenye gome na usiwe nacho kwenye jani. Kabla ya kusema mmea hauna, jaribu sehemu angalau mbili.

Chujio limekila. Hili husahaulika. Machujio ya nailoni hushika polifenoli na viambata vingine kadhaa. Pitisha myeyuko wa kemikali rejea kwenye chujio, udunge kabla na baada. Ukiona tofauti, badilisha aina ya chujio au mwaga mililita ya kwanza inayopita.

Urefu wa wimbi. Paklitakseli husomwa kwenye nanomita 227. Ukiiyeyusha kwenye ethili asetati, ambayo yenyewe hufyonza mwanga wote ulio chini ya nanomita 256, mwanzo wa kromatogramu utamezwa na kiyeyushi chako mwenyewe.

Si mmea wenyewe. Ni adimu ukilinganisha na hayo ya juu, lakini gharama yake ndiyo kubwa kuliko zote. Mapema miaka ya 1990 huko Ubelgiji, watu waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene walianza kuharibikiwa figo. *Stephania tetrandra* ilikuwa imebadilishwa na *Aristolochia fangchi*, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanakaribiana. Asidi ya aristoloki iliyomo kwenye *Aristolochia* haitibu saratani, huileta.

Simama: kama hakuna sampuli ya herbaria (mmea uliokaushwa na kuhifadhiwa kwa utambulisho) iliyotajwa jina na mtaalamu wa mimea, usiendelee kupima. Matokeo bila jina la mmea lililothibitishwa hayana pa kuwekwa, hata yawe mazuri vipi.

## Dalili ya 2: Kilele kipo, ila kuna shaka kama ndicho

Tuanze na sampuli tupu. Kama kilele kile kinatokea humo pia, umekutana na plastiki. Thalati, kemikali za kulainisha plastiki, hutoka kwenye mirija, vifuniko na chupa za kiyeyushi, na kwenye spektrometa ya masi (mashine inayopima uzito wa molekuli) hujitangaza kwa m/z 391 (uzito ukigawanywa kwa chaji) pamoja na kipande cha 149. Zimewahi kuandikwa kama bidhaa asilia za mimea zaidi ya mara moja. Tumia kioo, osha kwa kiyeyushi safi, weka mirija ya plastiki pembeni.

Kama sampuli tupu ni safi, sababu inayofuata ni jirani aliyekaa juu ya kilele chako. Kutoka kwa wakati mmoja na kemikali rejea hakutoshi kuwa uthibitisho. Kwenye dondoo la *Taxus*, sefalomanini hutoka karibu sana na paklitakseli kwenye kolamu ya kawaida ya C18. Kolamu ya pentafluorofenili huzitenga vizuri zaidi. Asidi ya ursoli na asidi ya oleanoli zina fomula moja na uzito mmoja, kwa hiyo hata spektrometa ya masi haitakuokoa kama kolamu haikuzitenga. Ukaguzi rahisi ni kuongeza kemikali rejea kidogo kwenye dondoo na kudunga: kilele kikikua bila kuota bega, dalili ni njema. Ukaguzi wa kina ni kurudia kwenye kolamu ya aina nyingine, au kubadili methanoli kuwa asetonitrili. Vinblastini na vinkristini hutofautiana kwa kikundi kimoja tu, methili dhidi ya fomili, lakini angalau masi zao zinaachana: m/z 811 na 825.

Halafu kuna viambata vilivyozaliwa ndani ya maabara. Daikloromethani ikikaa siku nyingi na alkaloidi zenye naitrojeni iliyo tayari kushikana, hushikana nazo kweli, na unapata chumvi mpya ambayo mmea haukuwahi kuitengeneza. Methanoli ikichemshwa na asidi hutoa esta za methili. Paklitakseli iliyokaa kwenye besi hugeuka upande wa kaboni ya 7 na kuwa epima (pacha wake aliyegeuzwa sehemu moja) yenye masi ileile. Kwa maoni yangu, esta yoyote ya methili iliyopatikana kwa kuchemsha methanoli ishukiwe hadi itokee pia kwenye dondoo lililotengenezwa kwa ethanoli baridi.

Na kama kemikali rejea yenyewe inatoa vilele viwili? Kwa kamptothesini hilo ni la kawaida. Pete yake ya laktoni hufunguka pH ikipanda kuelekea 7 na zaidi, na hufunga tena kwenye asidi. Kwenye pH ya damu, umbo lililofunguka ndilo lililo jingi, na hilo ndilo dhaifu. Weka asidi kwenye kiyeyushi cha pampu, subiri sampuli itulie, vilele vitarudi kuwa kimoja.

Simama: usiandike muundo wa molekuli kwa kutegemea urujuanimno (UV) na masi pekee. Kutaja kiambata kipya, au hata kinachojulikana lakini kwenye mmea mpya, kunahitaji NMR (mashine ya sumaku inayoonyesha jinsi atomu zilivyoungana) na mtu anayeisoma kila siku.

## Dalili ya 3: Kilele kina sura mbaya, au kinahama

Mkia mrefu nyuma ya kilele cha alkaloidi: karibu kila mara ni silanoli (vikundi vyenye asidi vilivyo juu ya silika ya kolamu) zinazoshika naitrojeni. Shusha pH hadi karibu 3 kwa asidi ya fomiki au bafa (myeyuko unaoshikilia pH), au tumia kolamu iliyofunikwa silanoli zake. Kama vilele vyote vina mkia, na si vya alkaloidi tu, angalia viungio vya mirija. Kuna nafasi tupu mahali. Kama sura ni mbaya kwenye dozi kubwa tu, umeijaza kolamu kupita uwezo wake.

Kilele kilichopasuka mwanzoni mwa kromatogramu: umeyeyusha sampuli kwa methanoli tupu au kiyeyushi kiitwacho DMSO wakati pampu inaanza na maji mengi. Yeyusha kwa mchanganyiko unaofanana na ule wa pampu, au dunga kidogo zaidi. Ni kosa dogo, na huwatesa watu miezi.

Muda wa kutoka unahama: joto la chumba, chupa ya kiyeyushi iliyoachwa wazi ikapoteza asetonitrili, kolamu ambayo haikupewa muda wa kutulia, kisha uvujaji wa pampu. Fuata mpangilio huo. Kolamu ya milimita 250 kwa 4.6 ina nafasi ya kiyeyushi ya takriban mililita 2.5, ipe angalau mara 10 ya hapo kabla ya kudunga cha kwanza.

Shinikizo linapanda: kwa mchanganyiko wa methanoli na maji, kupanda katikati ya kipimo ni kawaida, kwa kuwa mchanganyiko huo huwa mzito zaidi ukikaribia nusu kwa nusu. Kama linapanda siku hadi siku, ni dondoo lisilochujwa, au chumvi ya bafa iliyoganda baada ya kukutana na asetonitrili nyingi. Ondoa kolamu, pima shinikizo bila kolamu. Likishuka hadi kiwango cha kawaida cha mashine isiyo na kolamu, shida iko kwenye kolamu: badilisha kolamu kinga kwanza, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu bila bafa kabla ya kurudisha kiyeyushi cha kikaboni.

Simama: pampu ikigusa kikomo chake, usiongeze kikomo ili kazi iendelee. Na usifungue kifuniko cha taa ya urujuanimno wala sehemu ya umeme mkubwa ya spektrometa ya masi. Hapo ni kwa fundi wa mashine pekee.

## Dalili ya 4: Namba hazikubaliani

Umepima mara tatu ukapata majibu matatu. Au umepata urejeshaji wa asilimia 130, yaani mmea umekurudishia kuliko ulichoutilia.

Anza na mizani na unyevu. Unga wenye unyevu wa asilimia 12 na ule wa asilimia 5 haviwezi kutoa namba moja kwa gramu. Kausha gramu chache hadi uzito usibadilike, andika unyevu, toa jibu kwa uzito mkavu. Kisha angalia kama unga umesagwa sawasawa. Vipande vikubwa hubaki na mali yao tumboni.

Pili, soma lebo ya kemikali rejea neno kwa neno. Vinkristini huuzwa kama salfati. Molekuli yenyewe ina uzito wa takriban 825, chumvi yake 923. Aliyepima miligramu 1 ya chumvi akaiandika kama miligramu 1 ya vinkristini ameuzidishia mmea wake kwa karibu asilimia 12, na kosa hilo halitaonekana kwenye mchoro wowote kwa sababu ni sawa kila mahali. Angalia pia usafi na maji ya fuwele.

Tatu, kiyeyushi kimevukizwa. Chupa za mashine zenye vifuniko vilivyotobolewa mara nyingi hupoteza asetoni na daikloromethani usiku kucha. Dunga kemikali rejea mwanzoni na mwishoni mwa kundi. Kama ya mwisho imeongezeka, umempata mkosaji.

Nne, mchoro wa kalibresheni, yaani mstari wa majibu ya kemikali rejea kwa viwango unavyovijua. R² (kipimo cha jinsi nukta zinavyokaa kwenye mstari) ya 0.999 huwafariji watu kupita kiasi. Ukiwa na nukta moja ya juu sana, mstari utaonekana mzuri hata kama nukta za chini zote zimepotoka. Rudisha kila nukta kwenye mlinganyo na uone inakupa kiasi gani. Kikomo cha chini cha kupima hukadiriwa kwa mara 10 ya mtawanyiko wa jibu ukigawanya kwa mteremko wa mstari. Kikomo cha kugundua tu ni mara 3.3. Kiambata kilicho kati ya viwili hivyo unaruhusiwa kusema kipo. Kiasi chake huruhusiwi kukisema.

Mwisho, na hili ni la wenye spektrometa ya masi: vitu vingine vya dondoo vinavyotoka pamoja na kiambata huzima au huongeza ishara yake. Punguza dondoo kwa kiyeyushi mara 5 kisha mara 25. Kama jibu baada ya kuzidisha linapanda kadiri unavyopunguza, dondoo linazima ishara. Tumia njia ya kuongeza kemikali rejea ndani ya dondoo lenyewe badala ya kalibresheni ya kiyeyushi safi.

## Dalili ya 5: Seli zimekufa zote

Furaha huanza hapa, na mara nyingi huishia hapa.

Kinachoua mara nyingi ni kiyeyushi. DMSO isizidi asilimia 0.5 kwenye kishimo, na asilimia 0.1 ni bora. Methanoli iliyobaki kwenye dondoo lisilokauka huua pia. Vishimo vyenye kiyeyushi tupu ndivyo vitakavyosema.

Kinachofuata ni saponini. Hutoboa utando wa seli yoyote, ya saratani na isiyo ya saratani, kama sabuni inavyovunja mafuta. Tikisa dondoo na maji kwenye mrija: povu linalokaa robo saa ni onyo. Kisha jaribu kwenye chembe nyekundu za damu. Zikipasuka kwa dozi ileile inayoua seli za saratani, hujagundua dawa. Tanini nazo hukamata protini ovyo na hutoa majibu ya uongo, hasa kwenye vipimo vya vimeng'enya. Pitisha dondoo kwenye poliamidi au PVPP (unga unaonasa tanini) upime tena. Nguvu ikitoweka yote, zilikuwa tanini.

Tazama rangi ya chakula cha seli kabla ya kupima. Kama kimegeuka njano mara tu ulipoweka dondoo, umeua kwa asidi.

Ukishavuka hayo, uliza: zinakufa za saratani tu? Weka pembeni seli za binadamu zisizo za saratani, mfano MRC-5 za mapafu, upime kwa dozi zilezile. Dondoo linaloua zote kwa dozi moja ni sumu ya kawaida. Kwa dondoo ghafi, kigezo kilichozoeleka kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ni IC50 (dozi inayozuia nusu ya ukuaji wa seli) isiyozidi mikrogramu 20 kwa mililita. Ripoti zinazoita mikrogramu 300 "nguvu kubwa dhidi ya saratani" zinajidanganya. Kwa dozi hiyo vitu vingi vya jikoni vingeua.

Simama: dondoo lenye nguvu kwenye vishimo halipewi mgonjwa. Habari zikivuja, watu watakuja kuomba. Kati ya kishimo na mwili kuna ini, figo, dozi na vipimo vya wanyama na binadamu, na mimea hii huweza kuvuruga dawa za hospitali ambazo mtu tayari anatumia. Anayeuliza aelekezwe kwa daktari wake wa saratani.

## Dalili ya 6: Seli zinaonekana hai kwa asilimia 140

Dalili hii ni ya MTT, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu imeharibu kazi nyingi.

MTT ni rangi ya njano ambayo vimeng'enya vya seli hai huigeuza kuwa fomazani ya zambarau, inayosomwa kwenye nanomita 570. Kipimo hakihesabu seli. Kinapima ugeuzaji. Polifenoli, vitamini C na vitu vyenye thioli hugeuza MTT vyenyewe, bila seli hata moja. Dondoo la mmea limejaa vitu hivyo. Kwa hiyo dondoo linaloua seli vizuri laweza kuonekana halina nguvu, au hata linazikuza, kwa sababu zambarau imetoka kwenye mmea.

Ukaguzi: dondoo na MTT bila seli, dozi ya juu hadi ya chini, masaa yaleyale. Zambarau ikitokea, una jibu. Tiba ya kwanza ni kumwaga chakula chenye dondoo na kuosha seli kwa bafa kabla ya kuweka MTT. Lakini ukiosha seli zilizokufa nusu, nyingine hunyanyuka na kuondoka, kwa hiyo tiba ya pili ni bora: hama uende kipimo cha SRB, ambacho hupaka rangi protini za seli zilizogandishwa mahali pake kwa kemikali na hakijali nani anageuza nini. Hakikisha pia kwa macho. Darubini na trypan bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu) havina umaridadi, lakini havidanganywi na polifenoli.

Sababu nyingine ni rangi ya dondoo lenyewe. Toa usomaji wa vishimo vya dondoo bila seli, na usome pia kwenye nanomita 630 au zaidi kama rejea. Sababu ya tatu ni dondoo lililojitenga na kuwa chembe kishimoni, darubini itazionyesha.

Kuna pia hali inayofanana na hii lakini isiyo kosa. Paklitakseli na vinblastini huzuia seli kugawanyika, kwa hiyo baada ya masaa 24 seli nyingi bado zipo na bado zinageuza MTT. Kama kemikali rejea yako ya paklitakseli "haifanyi kazi", rudia kwa masaa 72 kabla ya kuitupa.

## Dalili ya 7: IC50 inabadilika kila ukirudia

Kwa mpangilio: idadi ya seli kwa kishimo haikuwa moja, pipeti, vishimo vya pembeni vilikauka. Bamba la vishimo 96 lina vishimo 36 vya ukingoni. Vijaze bafa na utumie 60 vya ndani. Kisha DMSO iliyokwishavuta unyevu, ambayo huangusha dondoo chini ya chupa kila unapoitoa barafuni. Iyeyushe upya, tikisa, tazama kama kuna tope.

Zikibaki tofauti, shuku seli zenyewe. Mikoplazima, bakteria wadogo sana, haionekani kwa darubini ya kawaida wala haichafui chakula kwa macho, lakini hubadilisha ugeuzaji wa MTT. Pima. Na seli zako ni zenyewe? Tangu miaka ya 1960 inajulikana kuwa seli za saratani za HeLa huvamia seli nyingine maabarani. Seli za KB, zilizotumika kusaka viambata vingi vya zamani, zilibainika kuwa HeLa.

Simama: mikoplazima ikithibitishwa, tupa seli hizo, safisha inkubeta, na umuite msimamizi wa chumba cha seli kabla mwingine hajazigawa. Utambulisho wa seli kwa STR (alama za DNA) ufanywe na maabara inayojua kazi hiyo.

## Dalili ya 8: Nguvu ilikuwepo, imeyeyuka wakati wa kutenganisha

Pima uzito wa kila fungu, jumlisha. Uliweka gramu 2 kwenye kolamu ya silika zikatoka gramu 1.1? Zilizobaki ziko kwenye kolamu, na pengine nguvu iko nazo. Suuza kwa methanoli yenye asidi kidogo uone.

Uzito ukikamilika, rudisha mafungu yote pamoja kwa uwiano uleule na upime. Nguvu ikirudi, ni viambata viwili au zaidi vinavyosaidiana, au kimoja kilichogawanyika mafungu manne hadi hakuna fungu lenye kutosha. Isiporudi, kimeharibika: silika ina asidi, mwanga na joto la kivukizi vina lao. Rudia kwa kolamu ya C18 au Sephadex LH-20, beseni la maji lisizidi nyuzi 40, chupa zifunikwe.

Wakati mwingine kilichotoweka hakikuwa cha mmea. Meitansini, iliyotengwa mwaka 1972 kutoka kwenye *Maytenus* wa Ethiopia, ni ndugu wa karibu wa ansamitosini zinazotengenezwa na bakteria *Actinosynnema pretiosum*. Mche mmoja ukiwa nayo na wa pili usiwe nayo, ilhali vyote ni spishi moja, waite watu wa vijidudu kabla ya kung'oa mche wa tatu.

Simama pia kama unga mweupe mkali unaupima wazi mezani. Viambata hivi huua seli zinazogawanyika, zako zikiwemo. Kabati la kinga, glavu mbili, na aliye mjamzito asishiriki. Chupa ya etha yenye fuwele shingoni isiguswe wala kufunguliwa. Ita wa usalama. Masalia ya klorofomu na asetoni yasimwagwe kwenye chombo kimoja chenye besi, hulipuka.

Ukibakiwa na chini ya miligramu 1 ya fungu safi, usilipitishe tena kwenye silika ili liwe safi zaidi. Lipeleke NMR kwanza, kwa sababu humo hurudi lilivyo, kisha spektrometa ya masi, ambayo huchukua kidogo. Seli ziwe za mwisho, kwa kuwa zenyewe hazirudishi kitu.